Ofisi Ndani ya Chumba na Sebule

Picha za ofisi za nyumbani zinazosambaa mitandaoni zina tabia moja: hakuna mtu anayeishi humo. Kuna meza nyeupe, taa yenye shingo ndefu, mmea wa kijani ndani ya chungu, na daftari lililofunguliwa likiwa na kalamu juu yake. Mtungi wa gesi haupo. Madumu ya maji ya kuvukia siku ambazo bomba halitoi hayapo. Hakuna ndoo ya nguo zilizoanuliwa mbio mbio kwa ajili ya mvua, wala shemeji aliyekuja kutoka mkoani kwa siku mbili tatu na sasa anajua saa ya kila tamthilia.

Picha hizo ndizo zilizompoteza mtafsiri mmoja wa Sinza, Dar es Salaam. Ameomba jina lake lisitajwe, kwa sababu mama mwenye nyumba naye husoma magazeti. Anaishi na mkewe na watoto wawili katika chumba na sebule, choo ndani, jiko kwenye kikona kilichomegwa kutoka sebuleni. Kwa Dar es Salaam hapo mtu amejitahidi. Sensa ya mwaka 2022 iliikuta kaya ya Tanzania ikiwa na wastani wa watu 4.3, kwa hiyo familia hii imo ndani ya mstari kabisa: wanne wanafahamika, na ile 0.3 ni shemeji, ambaye kwenye kodi hahesabiki lakini kwenye ugali anavuka moja.

Kazi yake haitaki makuu. Mtafsiri anahitaji kompyuta, bando, kamusi na kimya. Vitatu vya mwanzo vinauzwa.

Wazo la kufanyia kazi nyumbani lina umri mkubwa kuliko watu wengi wanaojivunia kulianzisha. Mwaka 1973 mhandisi wa Kimarekani, Jack Nilles, aliyekuwa Los Angeles, mji maarufu kwa foleni, alianza kuchunguza kama isingekuwa rahisi zaidi kuihamisha kazi kuliko kumhamisha mfanyakazi kila asubuhi na kumrudisha jioni. Aliyewahi kuning'inia kwenye daladala pale Ubungo saa kumi na moja jioni hana haja ya kushawishiwa. Kisha ikaja korona mwaka 2020, na katika nchi nyingi lile wazo likageuka amri. Lilibaki swali dogo tu: kazi ikishahamia nyumbani, inawekwa wapi?

Mtafsiri alianza kwa kuiweka kwenye meza fupi ya sebuleni. Meza za aina hiyo huwa na kimo cha sentimita 45 hivi, maana zimetengenezwa kwa ajili ya vikombe vya chai. Meza ya kuandikia hufika 73 hadi 75. Zile sentimita 30 za katikati hulipwa na mgongo, na mgongo wake ulianza kudai mapema. Wataalamu wa afya kazini wanasema ukingo wa juu wa skrini uwe usawa wa macho au chini yake kidogo, skrini iwe umbali wa mkono ulionyooshwa, viwiko vikunjwe karibu pembe mraba na nyayo zitulie sakafuni. Kompyuta mpakato haiwezi kutii masharti yote hayo kwa pamoja: ukiinua skrini ifike machoni, vitufe navyo vinakufuata kidevuni. Ndiyo maana hushauriwa kununua kibodi ya pembeni na kuiinua kompyuta peke yake.

Kibodi alinunua. Cha kuinulia kompyuta akakitafuta kabatini: chini kabisa *Kamusi Kuu ya Kiswahili*, kwa ajili ya unene wake, juu yake *Kamusi ya Kiswahili Sanifu*, na juu ya hiyo kamusi ya Kiingereza na Kiswahili. Mnara ukasimama, shingo ikapona. Taabu ilianza alipokutana na neno gumu. Kila neno gumu lilidai mnara ubomolewe, na kila neno, bila kukosa, lilikuwa ndani ya kitabu cha chini. Mhariri wake alimwambia baadaye kwamba tafsiri ya mwezi ule ilikuwa na lugha nyepesi kuliko kawaida yake, na kwamba wasomaji wameipenda.

Hapo ndipo akaamua kutafuta meza ya haki. Dar es Salaam, mtu akitaka fanicha ya kuchongwa, anaelekezwa Keko. Fundi alikuja mpaka Sinza na futi yake mfukoni, akapima kona ya sebule kwa makini, akapima tena, akaandika vipimo juu ya paketi ya sigara. Mita moja na nusu kwa sentimita 75, droo tatu, mninga mtupu. Kwa mujibu wa ile paketi, meza ingeenea kwenye kona bila kubaki hata nafasi ya kupitisha ufagio.

Haikupata nafasi ya kuthibitisha. Kona ilikuwa imepimwa. Mlango haukupimwa, wala korido inayopinda ghafla kabla ya kufika mlangoni. Meza iligundishwa na kupigiliwa, haifunguki. Wakaijaribu kwa ubavu, wakaijaribu kwa kuisimamisha, wakaigeuza miguu juu. Kila jirani akatoka na nadharia yake, na wabebaji, walipoona nadharia zinaongezeka, wakaongeza bei. Mwisho akatoka mama mwenye nyumba, akaizunguka meza taratibu. "Baba," akasema, "hii meza itaingia ndani. Lakini si kwenye nyumba yangu."

Meza ikalala barazani, na kabla wiki haijaisha ilikuwa imeajiriwa. Asubuhi akina mama walichambulia mchele juu yake. Mchana watoto wa nyumba nzima waliandikia kazi za shule. Jioni ilikuja drafti, pamoja na watazamaji wake ambao daima wanajua kucheza kuliko wachezaji. Hakukuwa na meza yenye tija kama ile mtaa mzima, na aliyekosa zamu ni yule tu aliyeilipia. Fundi aliporudi, alirudi na msumeno: akaikata miguu, akaiingiza ndani vipande vipande, akaiunga. Tangu siku hiyo inayumba upande mmoja, na mguu wake mfupi unakanyaga kamusi ndogo ya Kifaransa, lugha ambayo mtafsiri, kwa bahati njema, haitafsiri.

Ieleweke kwamba ipo njia ya akili zaidi, nayo ni ubao wa bawaba unaofungwa ukutani, ukikunjwa hauchukui nafasi. Lakini ubao huo unataka matundu ukutani, na mkataba wa pango umeyataja matundu kwa jina, kwenye ukurasa uleule unaokataza mbuzi.

Mwanga ulikuwa rahisi. Dirisha linatakiwa liwe ubavuni mwa skrini. Likiwa nyuma ya mtu linamulika kwenye kioo, likiwa mbele linamchoma macho. Mtafsiri akaigeuza meza, dirisha likakaa kushoto kama inavyotakiwa. Dirisha lenyewe linatazama barabara ya mtaa, na hapo sasa likaja suala la kimya.

Mkazi yeyote wa Dar es Salaam anamfahamu muuza dawa ya panya. Hapigi kelele mwenyewe. Sauti yake imerekodiwa na kutiwa kwenye kipaza sauti, inajirudia bila kuvuta pumzi: panya, mende, kunguni, viroboto, na bei. Kwa kawaida hupita. Siku ya mkutano wa mtandaoni na wachapishaji, hakupita. Mtafsiri alikuwa ametakiwa asome kifungu cha tafsiri yake mpya, akafungua sauti, akakohoa kidogo, na wakati huohuo muuza dawa akapata mteja chini ya dirisha, mteja wa kupatana bei. Kipaza sauti kikaendelea na kazi. Mtafsiri alifumba mdomo, akabaki anatazama skrini kwa heshima, huku kunguni na viroboto wakitajwa kwa mpangilio. Kilipotulia, mchapishaji mmoja aliyekuwa Ujerumani, asiyejua neno la Kiswahili, alishukuru na kuyasifu mahadhi ya tafsiri.

Wenye vyumba vyao nao hawakusalimika. Machi 2017 Robert Kelly, profesa wa siasa aliyekuwa akihojiwa na BBC moja kwa moja kutoka nyumbani kwake Busan, Korea Kusini, alikuwa na chumba, ramani ukutani na tai shingoni. Alichosahau ni kufunga mlango kwa ufunguo. Binti yake akaingia akicheza, mdogo wake akafuata ndani ya kigari cha kujifunzia kutembea, na mama yao akaja mbio kuwakokota nje, wakati profesa akijitahidi kuendelea na habari za Korea. Dunia nzima ilicheka.

Mlango, basi. Virginia Woolf aliandika mwaka 1929 kwamba mwanamke anayetaka kuandika anahitaji pauni 500 kwa mwaka na chumba chenye kufuli. Jane Austen, karne moja kabla yake, hakuwa na kufuli. Pale Chawton, Uingereza, aliandika kwenye kimeza kidogo chenye pande 12, katika nyumba yenye watu wanaoingia na kutoka. Mpwa wake alikuja kusimulia kwamba kulikuwa na mlango uliokuwa ukilia, na Austen akakataa usitengenezwe, kwa kuwa ulimpa taarifa kabla mtu hajafika. Sebule ya Sinza imetenganishwa na jikoni kwa pazia. Pazia halilii.

Wanaohubiri kazi ya nyumbani hupenda kutaja utafiti wa Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake, uliofanywa kwenye kampuni ya usafiri ya Ctrip, Shanghai, kati ya 2010 na 2011. Wafanyakazi wa kupokea simu walihamishiwa kazi nyumbani kwa miezi tisa, na utendaji wao ukapanda kwa asilimia 13. Wahubiri hukomea hapo. Sharti mojawapo la kuingia kwenye jaribio lilikuwa kuwa na chumba ambacho wakati wa zamu hakina mtu mwingine, na hilo halikai vizuri kwenye mabango. Jaribio lilipokwisha na watu wakaachiwa wachague, kama nusu yao waliomba kurudi ofisini, na sababu kubwa ilikuwa upweke. Mtafsiri alirudia kuisoma sentensi hiyo, huku mtoto wa pili akiwa amempanda mabegani.

Adui wake mkubwa, hata hivyo, hakuwa kelele. Yalikuwa maneno matatu: "Si upo tu?" Mwanamume aliyevaa kaptula mbele ya kompyuta, saa nne asubuhi, hahesabiki kuwa kazini. Si upo tu, mpokelee mtu wa gesi. Si upo tu, kaa na mtoto wa jirani, mama yake anafika dukani. Mkewe, anayetoka alfajiri kwenda kazini kwake, alimwachia maharage jikoni kwa agizo moja jepesi: "Baba watoto, uyaangalie." Aliyaangalia. Aliyaangalia mpaka alipoingia kwenye sentensi ya Kiingereza yenye mistari saba na kitenzi kimoja, na alipotoka upande wa pili sebule ilikuwa na moshi, shemeji amehamia barazani na televisheni ikizungumza peke yake. Familia ilikula chipsi. Sufuria ile haikurudi katika rangi yake.

Hata umeme ulimtia kesini. Nyumba inatumia mita moja ya umeme, LUKU, kwa wapangaji wote, na wapangaji wakaitisha kikao, ajenda ikiwa kompyuta inayoshinda imewashwa. Mtafsiri alikuja na hesabu. Kompyuta yake hula wati 50 hivi. Kwa saa nane ni yuniti 0.4. Pasi ya wati 1,000 huzimaliza yuniti hizohizo kwa dakika 24, na ndani ya nyumba ile kulikuwa na mtu anayepiga pasi hadi soksi. Hesabu ilikuwa sahihi, kikao kikaikubali kwa kauli moja, kisha kikamwongezea mchango. Hoja ya mwenyekiti ilikuwa kwamba mtu anayejua hesabu namna ile hawezi kukosa hela.

Siku hizi anafanya kazi kuanzia saa kumi alfajiri hadi saa moja asubuhi, kisha saa mbili hadi saa sita mchana. Kuna kanga nyekundu inayotundikwa kwenye kitasa cha mlango wa mbele. Ikiwa pale, hayupo, hata kama unamwona. Wiki za mwanzo majirani walibisha hodi kuuliza kwa nini kanga imesahauliwa nje. Sasa wamezoea, na mtoto mkubwa ndiye mlinzi mkali kuliko wote: alimrudisha hadi mtoza hela ya taka. Maharage huchemshwa Jumapili. Shemeji amepewa barabara, yaani kazi ya kumsimamisha muuza dawa ya panya mbali na dirisha siku za mikutano, na ndiyo kazi ya kwanza aliyodumu nayo tangu afike mjini.

Kwa hiyo, msomaji unayetaka ofisi katika nyumba ya kupanga, usimtumie fundi hela kabla hujapima mlango na korido. Chukua meza ya sentimita 90 kwa 60, inatosha kompyuta na daftari. Nunua kibodi kabla ya kununua taa. Halafu, jioni watu wote wakiwa wamekaa, kabla hata meza haijafika, waulize kesho saa nne asubuhi nani atampokea mtu wa gesi.