Sebule ya Foleni

Wazungu hununua gari lenye kitanda, jiko na choo, wakapakia watoto wakaenda kutanga na njia. Pesa zote hizo za nini? Sisi wa Kisauni twaingia kwenye Probox, watu saba na sufuria ya biriani, twaenda kwa bibi Likoni. Tukishika foleni ya feri, gari lenyewe lageuka nyumba.

Jiko laja dirishani: viazi karai, madafu, korosho, mabuyu mekundu ya kupaka midomo rangi. Chumba cha kulala ni paja la mama. Choo ni chupa ya soda, na mwenye adabu hutazama upande wa pili. Skuli nayo ipo, tena bila karo: mkubwa ashasoma MV Likoni, MV Kwale na MV Jambo hadi kukariri, na mdogo, aliyepanda gari kibogoyo, sasa ana jino.

Vasco da Gama alizunguka Afrika akafika Mombasa mwaka 1498, lakini hakupata kukaa na wanawe karibu hivi. Na maji yenyewe ni kama mita 500 tu!

Wako wanaotushauri tupite Dongo Kundu: Changamwe, Miritini, madaraja, unachomoza Kibundani bila kuiona feri. Kufika mapema hivyo kuna nini? Jirani yangu alipita huko Jumapili, saa tatu na nusu keshatia miguu baharini Diani. Maskini, wanawe hawakuonja hata buyu moja.