Mwongozo wa Mwenye Kiwanja Kilichoota Magugu

Umekirithi, au umekinunua, au ulikiacha tu ukaenda kutafuta maisha mjini, na sasa magugu yamekufika kiunoni. Washauri hawakosekani. Jirani atasema choma moto. Fundi atasema piga ukuta wa tofali, na juu uchomeke vipande vya chupa. Muuza pembejeo atakuletea dawa ya magugu na pampu ya kukodi. Wape chai, washukuru, na usifuate hata ushauri mmoja. Kwa wakazi wa Arusha na Moshi, uzio bora ni ule ulio hai, na bustani bora ni ile yenye wageni wengi wasiobisha hodi.

Anza kwa kuzunguka kiwanja asubuhi bila panga. Mwenye panga mkononi haoni mimea, anaona vya kufyeka. Tazama kipi kinachanua na nyuki wanatua wapi, na kile kilichojiotesha chenyewe chenye maana ukifungie kitambaa ili kibarua asikiguse. Lantana usiihurumie. Maua yake ya njano na waridi yanapendeza, lakini ilitoka Amerika ya kitropiki, huua mimea mingine kwa kuifunika, na majani yake ni sumu kwa ng'ombe na mbuzi. Ing'oe na mizizi yake.

Kisha tafuta bikoni za mpaka, kabla hujagusa mche. Uzio wako utakuwa wa michongoma, na ikishika kwenye ardhi ya mwenzako haihami, mtaishia baraza la ardhi la kata mkitazamana vibaya. Mwite jirani, mwite balozi, vuteni kamba pamoja, nawe urudi ndani nusu mita ili uweze kupogoa upande wa pili bila kuomba ruhusa. Wachagga walilimaliza jambo hili zamani kwa masale: mmea uleule unaoonyesha mpaka wa kihamba, yaani shamba la nyumbani, ndio mtu hushika jani lake anapokwenda kuomba radhi. Panda masale kwenye kila kona. Huenda siku moja mkayahitaji kwa kazi zote mbili.

Sasa michongoma yenyewe. Chimba mtaro wa kina cha sentimita 45 hivi, changanya udongo na samadi iliyooza vizuri, na masika yakishakolea panda mistari miwili kwa mtindo wa zigizaga, nusu mita kati ya mche na mche. Hapa na pale chomeka mtandamboo, mmea wa kwetu wenye miba, maua meupe yanayonukia na matunda ambayo ndege na watoto hugombania. Miche ikifika magotini, kata vilele vyote. Watu wengi hushindwa hapa, mkono unakuwa mzito kukata kitu ulichokibembeleza kwa miezi. Kata! Mche usiokatwa hukimbilia juu na kuacha chini wazi, na mbuzi watapita hapo kama mlangoni. Kila unapopogoa, acha chini pawe pana kuliko juu ili jua lifike hadi kwenye shina. Baada ya miaka 2 au 3 hata kuku hatapenya. Na matawi uliyokata yaokote yote, hadi la mwisho, kwa sababu mwiba wa mchongoma hutoboa tairi la bodaboda, na dereva atajua umetoka kwa nani.

Najua unachongoja niseme: nyoka. Nyoka hufuata panya na vyura, na panya hufuata mahindi yaliyomwagika na marundo ya takataka. Kwa hiyo mahindi yahifadhi vizuri, marundo yaondoe, na acha ukanda wa mita tatu uliofagiwa kati ya nyumba na mimea. Ndani ya ukanda huo fagia upendavyo. Ukishauvuka, weka ufagio chini. Majani makavu chini ya uzio ndiyo makazi ya kalunguyeye, ambaye hutoka usiku na kula wadudu bila malipo.

Kando ya uzio panda vitu vya kulisha watu wako wapya. Shubiri, ambayo hutoa maua mekundu wakati wa kiangazi, ni kwa ajili ya ndege aitwaye chozi. Kivumbasi ni kwa ajili ya nyuki. Na mlimau mmoja upandie vipepeo. Utaona juu ya jani kitu kama kinyesi cha ndege, cheusi chenye doa jeupe. Usikifute. Ni kiwavi. Atakua, atageuka kijani, na ukimgusa atatoa pembe mbili za rangi ya chungwa kichwani zenye harufu kali, akuonyeshe kwamba hapo ni kwake. Atakula majani kadhaa, mti mkubwa hautadhurika, na wewe utapata kipepeo mweusi mwenye madoa ya njano upana wa kiganja. Ukipulizia dawa, unampoteza yeye, na nyuki pia.

Upande wa Mlima Meru unaweza kupata mgeni mwenye pembe tatu usoni. Ni kinyonga dume. Hana sumu, halogi mtu, na anakula nzi. Watoto wakimpigia kelele, wasogeze karibu wamwangalie macho yanavyozunguka, kila jicho na njia yake.

Weka pia beseni la maji lenye mawe ndani ili nyuki wasizame, na maji yabadilishe kila baada ya siku mbili, mbu wasipate nafasi ya kulea watoto.

Masika huanza Machi. Mwezi wa pili ukiingia nenda kwenye kitalu uagize miche yako mapema, na fedha ya dawa ya magugu uinunulie glovu nene za ngozi.