Barua ya Wazi kwa Waziri wa Tepu

Kwa Mheshimiwa Pete Hegseth,
Pentagon, Virginia, Marekani.

YAH: VITAMBI VYA MAJENERALI

Mheshimiwa, pokea hongera. Septemba 30, 2025 uliwaita majenerali na maamiri wako Quantico, ukawaambia kinagaubaga kwamba unene wao kwenye korido za Pentagon haukubaliki, na kwamba watapimwa uzito mara 2 kwa mwaka. Huku kwetu usingethubutu. Mkubwa asiye na kitambi watu humshuku: ama anaumwa, ama ameanza kuishi kwa mshahara.

Nilichokipenda zaidi ni tepu yenu. Kwa miaka mingi jeshi la nchi kavu lilimpima mwanamume kiuno na shingo, likatoa shingo kwenye kiuno. Shingo nene ikawa neema, na wajanja wakaifanyia mazoezi shingo, tumbo wakaliacha lilivyo. Mwaka 2023 mkazinduka. Tepu ikazungushwa kitovuni tu, kijana kasimama wima, macho mbele, anaomba Mungu.

Akizidi kipimo hapandi cheo, na anatakiwa apungue ratli 3 hadi 8 kila mwezi. Akipungua, mnampongeza. Akinenepa tena ndani ya miezi 12, anaweza kufukuzwa. Hiyo ndiyo dawa yenu ya kuzuia unene usirudi: barua ya kufukuzwa.

Sasa tuje kwenye chakula. Shirika lenu wenyewe la maduka ya jeshi limeweka Burger King kambini tangu miaka ya 1980, na sehemu ya faida huenda kwenye mfuko wa ustawi na burudani za askari. Yaani askari anakula, pesa yake inarudi kumstarehesha, kisha mwenye tepu anamwita. Mzunguko safi kabisa. Hata sisi wazoefu wa mizunguko tumevua kofia.

Jenerali Stanley McChrystal, mtu wa mlo 1 kwa siku, akiwa kamanda wenu Afghanistan mwaka 2010, aliamuru vibanda vya baga na piza vifungwe kwenye kambi za huko, maana pale ni vitani. Mwaka huohuo akaondolewa, kwa sababu nyingine kabisa, na baadaye vibanda kadhaa vikafunguliwa. Baga ilishinda vita ile.

Ombi langu ni dogo. Askari anayetoka lindo usiku wa manane akute jiko la kambi liko wazi, lina mboga na maharage ya moto. Mkishindwa hilo, msimpime asubuhi.

Wako,
Raia mwenye kitambi cha kujilipia.