Pikipiki Inayopona Ikifika Himo

Pikipiki yangu ina ugonjwa unaoogopa mafundi. Ikiwa nyumbani, juu ya Marangu Mtoni kuelekea geti la hifadhi, inakohoa, inatoa moshi mweusi, na mlima haiutaki kabisa. Nikiishusha Moshi kwa fundi, kufika Himo tayari imepona. Fundi anapiga kiki moja, inaitika vizuri, ananitazama kama mgonjwa wa kujifanya. "Mangi, mbona hii ni nzima?" Nalipa hela ya kuangaliwa, naondoka, na tukianza tu kupanda kutoka Himo, kikohozi hicho.

Ni 125 ya zamani ya Kijapani, niliyoirithi kwa baba mdogo pamoja na migomba na kesi ya mpaka wa kihamba. Mafuta yake yanapimwa na kabureta, na kabureta haijui iko wapi duniani.

Kwetu, kila mwanamume aliyewahi kupakiwa kwenye bodaboda ni fundi wa kabureta. Shemeji alisema plagi imekufa. Vijana wa kijiweni walisema petroli imechakachuliwa, na siwalaumu: kabla EWURA haijaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, petroli na mafuta ya taa vilikuwa na undugu wa karibu mno. Mzee jirani, kata ya mbege mkononi, alisema pikipiki ina kinyongo kwa sababu baba mdogo alizikwa bila kupigiwa honi.

Jumamosi nikaifungua mwenyewe. Nilifunga koki, nikashusha kabureta, nikamwaga petroli ya kwenye bakuli lake ndani ya sufuria (sufuria hiyo sasa ni yangu moja kwa moja, mke wangu haitaki tena). Vipuri nikavipanga juu ya jani la mgomba. Shaba ikishafutwa inang'aa, na jogoo wa jirani si mjinga: alinyakua skrubu ya hewa akakimbilia nayo mgombani. Alifukuzwa na ukoo mzima. Aliitema nyuma ya choo, baada ya kumwona shemeji ameshika kisu.

Plagi haikuwa imekufa; ilikuwa nyeusi tii, imejaa masizi makavu. Hapo ndipo nilipoacha kusikiliza watu. Masizi hayo yanasema mafuta yamezidi hewa. Ingekuwa imeungua hadi kuwa nyeupe, ningeshuku kinyume chake. Nikafunga kila kitu, nikawasha, ikapata moto, kisha nikavuta choki: ikazima papo hapo. Nikavua mfuniko wa eakilina ili ivute hewa zaidi: ikachangamka.

Nikachomoa jeti kubwa, nikaielekeza juani. Kitundu chake kilipaswa kuwa duara safi, lakini kilikuwa kimelika upande mmoja. Kuna fundi, enzi za baba mdogo, aliyekizibua kwa waya wa chuma, na shaba haina ubavu mbele ya chuma. Sasa, Moshi mjini ni mita 800 hivi kutoka usawa wa bahari, getini ni zaidi ya 1,800. Huko juu hewa imepungua uzito kwa karibu sehemu moja ya kumi, ila jeti inaachia mafuta karibu yale yale. Mjini ile ziada ilikuwa inavumilika. Kwetu pikipiki ilikuwa inanyweshwa kwa nguvu.

Nikashuka kununua jeti ya namba ndogo zaidi. Muuza spea alinihurumia. Wateja wake wote wanataka kubwa, wakiamini ndiyo mbio. Lakini sasa napanda hadi getini bila kikohozi, nawapita watalii wakiwa bado na viatu visafi.

Jana shemeji aliiazima kwenda kufuata mchele Kahe, kule bondeni. Amerudi analalamika kwamba inachemka na nguvu haina. Vijana wa kijiweni wameshaivua tangi, na mmoja amekuja hapa kuulizia kama nina kipande cha waya.