Zinki au Risasi

Mtihani wa kemia kwa vitendo wa kidato cha nne una sehemu moja ambayo Baraza la Mitihani halijawahi kuiweka kwenye ratiba. Huanza mara tu msimamizi anapokusanya karatasi ya mwisho. Haina muda wa kumaliza, haina namba ya mtahiniwa, na matokeo yake hutoka papo hapo. Kwetu ilifanyikia chini ya mwembe karibu na bomba la maji, na wapo walioufikia mwembe ule wamefaulu wakaondoka wamefeli.

Mwenyekiti wa shughuli alikuwa jamaa tuliyemwita Profesa. Jina hilo hakulipata kwa alama, maana alama zake zilikuwa za watu wote. Alilipata kwa sauti. Wengine huuliza, "Wewe umepata ngapi?" Profesa hakuuliza, alitangaza: "Taitresheni, ishirini na tano nukta sifuri!" Pale pale ukasikia watu wanashusha pumzi. Huyu ana 24.9, yule 25.1, mwingine 24.8, wote ndugu wa tumbo moja. Kisha nyuma kabisa, kwa sauti ya mtu mwenye homa: "Mimi nina ishirini."

Tulimzunguka kama mfiwa. Mmoja akamwambia pole, huenda bureti yake ilikuwa inavuja. Mwingine akasema labda alipitiliza rangi, ingawa anayepitiliza hupata zaidi, si pungufu. Lakini msibani nani anapiga hesabu? Mfiwa akaanza kutaja ndugu zake wangapi wanamtegemea. Kabla hajamaliza orodha akajitokeza wa pili mwenye ishirini, halafu wa tatu, na msiba ukageuka mkutano wa hadhara. Wenye ishirini wakasimama upande wa bomba, wenye ishirini na tano wakabaki kivulini.

Kilichokuwapo ni hiki: maabara yetu ilikuwa na pipeti za sentimita za ujazo 25 na nyingine za 20, na kila mtu alishika aliyoikuta mezani. Ndiyo maana karatasi yenyewe ilitaka uandike ujazo wa pipeti uliyotumia. Wa 20 akipata 20, na wa 25 akipata 25, wote wamelenga. Wakishakokotoa, molari inatoka ileile. Jambo la kueleweka hilo, ila lilihitaji mtu atulie, na chini ya mwembe ule hajawahi kutulia mtu.

Tukahamia kwenye chumvi, na hapo ndipo palipochafuka.

Tulipewa unga mweupe tuutambue. Kwenye asidi ulichemka povu, na gesi yake ikayageuza maji ya chokaa kuwa maziwa. Kwa hiyo kabonati, hakuna ubishi. Ubishi ulikuwa kwenye metali. "Ukiipasha moto inakuwa njano," alisema Profesa. "Njano ni risasi. Imekwisha hiyo." Msichana mmoja wa mkondo wetu, mpole, anayeandika kila kitu kwa rula, akasema yake ilikuwa nyeupe. Profesa akamwuliza kama anajua tofauti ya njano na nyeupe. Akajibu anajua. "Basi uliangalia testi tyubu ya jirani."

Ukweli ni kwamba kabonati ya zinki ukiipasha moto hubaki na oksidi ambayo ni njano ikiwa ya moto na nyeupe ikipoa. Ya risasi ndiyo huwa njano ikiwa imeshapoa. Profesa aliona njano, akaandika, akamwaga, akaenda zake. Yule dada alisubiri. Kwa maneno mengine, walikuwa wakigombana kuhusu unga uleule, mmoja akiwa ameutazama mapema na mwingine ameutazama baadaye. Dada huyo alikuwa hata na ushahidi wa amonia: mashapo meupe yaliyoyeyuka alipozidisha, na ya risasi hayayeyuki. Alisema hivyo kwa sauti yake ndogo. Sauti ndogo chini ya mwembe haihesabiwi kama ushahidi.

Ikapigwa kura. Risasi ikashinda kwa mbali.

Tangu siku hiyo nina msimamo wangu: anayekwenda kulinganisha majibu hatafuti jibu, anatafuta watu wa kukosa nao. Hata wale wanaoziba masikio wakisema "mimi sitaki kusikia, pepa imeshapita" huziba kwa vidole vilivyolegea, nao husimama pale pale ambapo upepo unaleta maneno vizuri.

Baadaye akapita fundi sanifu wa maabara, ambaye sote tulimwita mwalimu kwa sababu alikuwa na funguo. Huyu ndiye aliyeipima ile chumvi kwa mikono yake. Tukamkimbilia. "Shikamoo mwalimu! Ilikuwa zinki au risasi?"

"Marahaba. Ilikuwa nyeupe."

"Tunajua mwalimu, lakini ni chumvi gani?"

"Mimi nimeosha vyombo tangu alfajiri," akasema, "na testi tyubu zimevunjwa, na aliyevunja hajasema. Mkimtaja, nami nitataja."

Hakuna aliyetaja. Profesa alikuwa akitazama viatu vyake kwa makini ambayo chumvi yake haikuwahi kuyapata.

Fundi alipotokomea, Profesa akapata sauti tena. Zinki na risasi zilikuwa mambo ya kale, alisema. Kesho ni bayolojia, na yeye ana uhakika kabisa sampuli itakuwa mende. Walioshinda kura pamoja naye wakaamini mara moja. Jioni ile bweni zima lilikuwa chooni na tochi na makopo ya rangi, likiwinda, na yule dada alipita na daftari lake la panzi asimwambie mtu neno.