Hema la Maziwe

Karani mmoja wa Dodoma alishuka Pangani na hema la kuazima, mkaa robo gunia na nia moja: kulala peke yake kisiwani Maziwe. Mji huo mdogo, kama kilomita 50 kusini mwa Tanga, umekaa pale Mto Pangani unapomwagika baharini. Kisiwa alikwisha kukiona kwenye simu. Simu haikumwambia mwezi una siku ngapi.

"Tutaondoka maji yakitoka," nahodha alisema.

"Hutoka saa ngapi kila siku, mzee?" akauliza, kama anayeulizia basi.

Mzee akamweleza kwamba maji hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na kila kukicha huchelewa kama dakika 50. Tena mwezi ulikuwa kumi na nne, ndiyo bamvua, maji yanapopanda hata zaidi ya mita 3. Karani akaitikia kwa kichwa. Alichoshika ni "saa tatu asubuhi, usilaze damu."

Walipofika, mchanga mweupe ulikuwa mpana kama uwanja wa mpira. Akazamia matumbawe, akameza chumvi ya kutosha sufuria la ubwabwa, akaibuka mgongo umeiva. Kisha akaanza kupigilia mambo za hema.

Nahodha alimtazama kwa muda.

"Mwanangu, hilo hema linaelea?"

Akamwonyesha mawimbi yaliyokwisha kuvuka nyayo za asubuhi. Zamani Maziwe ilikuwa na mivinje. Miti ikaisha, mchanga ukabaki bila wa kuushika, na sasa maji yakijaa kisiwa chote huzama. Hata kasa wanaopanda kutaga hapo huhitaji msaada: mayai yao huhamishiwa Ushongo, ufukwe wa bara, yasije yakafa maji.

Saa kumi jioni mashua ilikuwa mbali. Karani akageuka kukitazama kisiwa chake.

"Kiko wapi?"

"Palepale. Chini."

Mjini akalisimamisha hema kando ya barabara likauke, akajilaza ndani dakika tano. Aliamshwa na mama mmoja aliyekuwa akigonga turubai, simu mkononi.

"Samahani, kaka, hapa mnatoa pesa?"