Tairi Tano za Lori la Baba

Tulipoamua kulishusha lori la baba mkwe kutoka kwenye magogo, nyumba iligawanyika makundi matatu, na kila kundi lilikuwa na saizi yake ya tairi.

Lori lenyewe ni Bedford RL, la aina iliyoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1953 na kutumiwa na jeshi la nchi hiyo: magurudumu manne, ya mbele yakivuta pamoja na ya nyuma ukitaka, injini ya petroli ya silinda 6, gia nne, na usukani unaotegemea mabega ya dereva tu. Jeshi lilipoyauza magari ya namna hii, mengine yalinunuliwa na watu waliosafirisha watalii kwa barabara kutoka Ulaya hadi huku kwetu. Hili lilifika Arusha kwa njia hiyo. Baba akalinunua, akalibebesha mchanga na mahindi, akasomesha watoto wake wote. Alipostaafu udereva, na lori likastaafu nyuma ya jiko letu hapa Karatu.

Safari hii lilihitajika kwa harusi ya wifi yangu. Kabati, makochi, kitanda, magunia na wasindikizaji, vyote vilipaswa kufika Mto wa Mbu. Anayeijua njia hiyo anaelewa wasiwasi wangu. Unaanza na udongo wetu mwekundu, ambao mvua ikinyesha hugandamana na tairi hadi kashata zisionekane. Kisha lami, kisha unateremka ukingo wa Bonde la Ufa kwa kona baada ya kona, Ziwa Manyara likiwa chini. Kwa mteremko ule, mimi sikubali tairi ya kubahatisha.

Zilizokuwa kwenye lori zilikuwa bado na kashata nene, na mtu angezitazama kwa mbali angesema zina maisha. Fundi alibonyeza ubavu wa moja kwa kidole gumba. Nyufa nyembamba kama nywele zikafunguka, na ndani yake zikaonekana nyuzi. Hakusema kitu, alinigeuzia tu uso, nami nikajua hela ya bati la jiko imekwenda.

Baba alitaka tairi za jeshi. Zile zina kashata za mabonge manene yaliyokaa mkingamo, zisizo na mbele wala nyuma, zinazong'ata tope sawasawa ukienda mbele au ukirudi kinyumenyume. Shambani hakuna cha kuzishinda, na lori likizivaa linapendeza kweli. Lakini kwenye lami zinaunguruma, zinaisha upesi, na lami ikilowa, mpira unaoshika barabara ni mchache. Dalali alituletea moja, mpya, haijawahi kukanyaga barabara. Nikachukua chaki ya mtoto wetu Neema nikasugua ubavuni pale penye herufi za DOT ili tarehe isomeke. Tairi zilizotengenezwa kuanzia mwaka 2000 zina tarakimu nne mwishoni: mbili za wiki, mbili za mwaka. Ukikuta 2314, hiyo ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Hii ilikuwa na tarakimu tatu. Ilizaliwa karne iliyopita, ikakaa ghalani hadi mpira ukakauka.

“Baba, hii ina umri wa kuoa,” nilimwambia.

Akainama, akapitisha kidole juu ya chaki, akasoma mwenyewe. “Irudishe, mwanangu.”

Shemeji hakungoja mjadala. Jioni moja alirudi na tairi mbili nyuma ya pikapu, 12R22.5, zilizovuliwa kwenye basi, bei nafuu, kashata zikiwa bado nzuri. Muuzaji alimwambia zinalingana na za Bedford, na hapo ndipo ugumu ulipo, kwa sababu kwa nje zinalingana kweli. Ukiisimamisha 12R22.5 kando ya 11.00R20, saizi ya lori letu, urefu wake unakaribiana sana. Kinachotofautiana ni tundu. Moja inakaa kwenye rimu ya inchi 22.5 isiyotumia tyubu, nyingine kwenye rimu ya inchi 20 inayotaka tyubu, flapu na ringi ya kufungia. Wasiojua hudhani inchi mbili na nusu ni kitu cha kulazimisha kwa nyundo na sabuni. Fundi alikataa hata kuinua jeki. Kubadilisha rimu zote kungewezekana, mradi upate zenye matundu ya nati yanayokubali habu za Bedford, na hizo hazipatikani kwetu Karatu. Shemeji alikasirika, akala chakula chake nje. Nilimpelekea chai, tukaongea, na yakaisha. Nia yake ilikuwa kutuokolea hela.

Mume wangu, Baba Neema, yeye alishika 12.00R20. Saizi hiyo ni kubwa kuliko ya asili, ambayo ni 11.00-20. Alisema lori litainuka, litavuka makorongo, tena zinapatikana madukani. Yote kweli. Ila kipenyo kinaongezeka karibu sentimita 4, na hapo kila gia inakuwa ndefu zaidi. Ukipanda, injini inachoka mapema. Ukishuka, breki ya injini inapungua, na sisi safari yetu ilikuwa ya kushuka. Spidomita nayo inaonyesha mwendo mdogo kuliko ule unaokwenda. Fundi akakata usukani hadi mwisho, akapitisha kiganja kati ya tairi ya zamani na springi. Kiganja kilipita kwa shida. Tairi nene zaidi ingesugua pale kila kona.

Tukabaki na 11.00R20. Ile R ndiyo usasa wenyewe. Tairi za zamani nyuzi zake zinapishana kimshazari. Katika radio, kama mafundi wanavyoita radiali, nyuzi zinakwenda moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo, na juu yake kuna mkanda wa waya. Michelin wa Ufaransa walisajili ubunifu huo mwaka 1946, kabla hata Bedford yetu haijachorwa. Haichemki upesi, inashika lami vizuri zaidi, na ubavu unainama bila kuuvuruga uso wa tairi. Tulichagua yenye kashata mchanganyiko: mifereji ya katikati kwa ajili ya lami, mabonge ya pembeni kwa ajili ya udongo wetu.

Nilichogombania hadi sauti ikapanda ni idadi. Baba Neema alitaka tununue mbili za nyuma kwanza, za mbele zisubiri mavuno. Kwa lori linalovuta mbele na nyuma, haifai. Tairi za nyuma zikiwa na mzingo tofauti na za mbele, ukiingiza gia ya mbele mahali pakavu, ekseli mbili zinashindana na gia boksi ya kugawia nguvu ndiyo inayoumia. Kuchanganya radio na zile za zamani nako kunaharibu utulivu wa gari kwenye kona. Tukanunua nne na spea, tarehe zinazokaribiana, na tyubu mpya na flapu mpya zote. Jiko litaendelea kuvuja masika hii.

Siku ya kufunga, watoto walipelekwa kwa jirani. Ringi ya kufungia isipokaa vizuri kwenye mfereji wake, upepo unaweza kuirusha na kuua mtu. Fundi alisugua kutu kwa brashi ya waya hadi chuma kikang'aa, akakataa ringi moja iliyopinda, akazungushia kila rimu mnyororo, akajaza upepo kwa mpira mrefu akiwa amesimama kando. Kati ya moja na nyingine alisimama, akatazama ringi pande zote, ndipo akaendelea. Hakuna aliyemharakisha.

Tukashuka na mizigo asubuhi, gia ya pili, Baba akiwa kiti cha mbele akisikiliza. Tulipofika Mto wa Mbu wakwe walitoka na vigelegele, lakini fundi aliwazuia vijana wasipande kushusha hata kiti kimoja. Rimu zilizofungwa upya nati zake hulegea baada ya mwendo wa kwanza. Akachukua spana, akaanza na gurudumu la mbele kushoto, na Baba akateremka kumshikia bomba la kuongezea nguvu.